Kuongeza juu ya nyongeza: kisa cha chumba cha darini Mji Mkongwe

Nyumba iko Mji Mkongwe, Unguja, kwenye uchochoro usioingia gari. Ina ghorofa mbili juu ya ile ya chini, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa sentimita 60 hivi, na paa lake la asili lilikuwa bapa: sakafu ya chokaa iliyolazwa juu ya boriti za mikoko. Mtindo huo wa paa ulizoeleka kwa watu wa Oman, nchi ya mvua chache. Unguja kuna masika na vuli, na chokaa haikuchukua muda kuanza kuvuja. Ndiyo maana nyumba nyingi za hapa zilivikwa paa la mabati juu ya lile bapa, likainuliwa kwa vinguzo vifupi vilivyosimama juu ya kuta za ukingo. Kati ya mabati na sakafu ya zamani ikabaki nafasi. Hapo ndipo darini kwa nyumba hii: pa kuanikia nguo, pa kutupia masanduku, pa watoto kujificha wakitafutwa kwenda chuoni.

Miaka ya 1980 mwenye nyumba, ambaye sasa ni marehemu, alizungushia matofali ya saruji zaidi ya nusu ya urefu wa nafasi hiyo akapata chumba. Warithi wake ni wanne na nyumba haijagawiwa. Dada mkubwa anaishi humo na wanawe. Kaka mmoja yuko Muscat na ndiye aliyekubali kutoa fedha. Wawili wengine wako Dar es Salaam. Kijana wa dada anaoa, na kaka wa Muscat anataka mahali pa kufikia yeye na familia yake wakati wa likizo, kwa hiyo rai yao ilikuwa moja: chumba cha darini kiendelezwe mpaka mwisho wa nyumba, na mwishoni pawekwe choo na bafu.

Fundi waliyemwita kwanza alikuwa na jibu jepesi. Amwage zege jembamba juu ya sakafu ya zamani, aendeleze ukuta wa matofali kwenye mstari uleule, abandike marumaru, kazi iishe kabla ya harusi. Hoja yake ilikuwa kwamba chumba cha kwanza kimekaa miaka 40 bila tatizo. Kijana aliridhika, mjomba wake wa Muscat akaridhika zaidi. Dada ndiye aliyesita. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iporomoke tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, wakaazi wengi wa Mji Mkongwe hawauangalii ufa kwa jicho lile la zamani, na ukutani kwake ulikuwepo mmoja. Akaomba ukaguzi. Ndivyo tulivyoingia sisi.

Hoja ya miaka 40 naisikia karibu kila nyumba ninayoingia, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Chumba kilichosimama muda huo kinathibitisha kwamba hakijaanguka. Hakisemi kama nyumba imebakiwa na uwezo wa kubeba cha pili, wala hakisemi kimekula kiasi gani cha uwezo huo. Anayetaka kurefusha nyongeza ya darini anapaswa kuikagua ile ya mwanzo kwa namna ambayo haikukaguliwa ilipojengwa.

Boriti na mzigo wake

Katika nyumba hizi boriti ndiyo inayoamua. Mkoko mrefu ulionyooka haupatikani kwa urefu unaoutaka wewe, ndiyo sababu vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, upana ukicheza kwenye mita 3 au pungufu yake. Hapa upana ni mita 2.8 na urefu mita 7.5. Boriti zimelazwa kukata upana, moja kila sentimita 35, upande mmoja vichwa vimezama kwenye ukuta wa mtaani, upande wa pili kwenye ukuta wa uani. Juu yake kuna mawe, kisha kokoto na chokaa iliyopondwapondwa kwa magongo mpaka ikashikana. Sakafu ya namna hiyo yenye unene wa sentimita 25 ina uzito wa zaidi ya kilo 400 kwa kila mita ya mraba kabla mtu hajaweka hata mkeka.

Ukuta wa matofali wa miaka ya 1980 haukupanda juu ya ukuta wowote wa chini. Marehemu alitaka kuacha ujia wa kuanikia nguo upande wa uani, basi ukuta ukasogezwa ndani sentimita 90 na kukaa juu ya migongo ya boriti. Tofali la inchi 6, kimo cha mita 2.5, lipu pande zote mbili: hesabu inafika karibu kilo 900 kwa kila mita ya urefu. Ukigawa kwa nafasi ya boriti, kila moja ilikuwa inabeba kiasi cha kilo 300 za ukuta peke yake, juu ya sakafu, vitanda na watu. Na mstari huohuo ndio fundi alitaka kuurefusha kwa mita tatu na nusu nyingine.

Ghorofa ya pili ilikuwa na dari ya jipsamu, safi, nyeupe, na ndiyo iliyoficha kila kitu. Tulikata miraba kadhaa tukavuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya boriti. Zile ambazo hazina chumba juu yake zilikuwa zimeshuka katikati kwa sentimita 1 hivi, jambo la kawaida kwa mti wa umri huo. Zilizo chini ya chumba zilikuwa zimeshuka 3. Kisha tukaenda kwenye vichwa, pale boriti inapoingia ukutani, kwa sababu mara nyingi boriti huanza kufa kichwani, katikati ikiwa bado ngumu kama chuma. Kifaa ni bisibisi ndefu tu. Ukiisukuma kwenye mti mzima inagoma na mkono unauma. Upande wa mtaani, kwenye boriti ya tatu kutoka pembeni, ilizama hadi mpini bila sauti, na tulipoichomoa ikatoka na unga wa kahawia uliolowa. Boriti 11 ziko chini ya chumba kile. Nne zilikuwa na vichwa vya namna hiyo, zote zikifuatana.

Zinafuatana kwa sababu maji yana njia moja. Juu yake kulikuwa na mlizamu wa zamani, ule mfereji wa kutolea maji ya paa bapa, uliozibwa kwa saruji siku chumba kilipojengwa. Mvua ya upepo ilikuwa bado inaingia chini ya mabati, inatuama kwenye kona, inanywewa na ukuta. Ukuta nao ulishapigwa lipu ya saruji nje. Chokaa huachia unyevu ukatoka. Saruji huufungia ndani, na unyevu ukikosa njia ya nje hutafuta mti. Tuligonga lipu hiyo kwa kinyundo kuanzia dirishani kwenda juu, na sehemu kubwa ilitoa mlio wa debe tupu: ilishaachana na ukuta, ilikuwa imening'inia tu. Nyuma yake chumvi imetanda kama unga wa muhogo.

Sakafu ya darini tuliitoboa tundu dogo kuona ina nini. Chini kabisa chokaa ya asili, juu yake chokaa nyingine ya baadaye (zamani paa likivuja watu waliongeza tabaka, hawakutoa), juu ya hiyo sentimita 5 za saruji, na ndani ya chumba, marumaru. Pembeni, juu ya boriti zilezile, simtanki la lita 1,000. Likijaa ni tani moja.

Ufa ulisema kitu kingine

Hadi hapo mtu angeweza kuhitimisha kwamba shida ni maji na uzito. Lakini ule ufa uliomtia wasiwasi dada haukukaa kama ufa wa uzito. Ulianza kwenye kona ya dirisha la ghorofa ya pili, ukapanda kwa mshazari kwenda kwenye ukuta wa ukingo darini, ukipanuka kadiri unavyopanda. Chini unaingia ukucha, juu kinaingia kidole. Tukaangusha timazi, uzi wenye kizito cha kupimia wima, kutoka juu ya ukuta wa mtaani: sehemu ya juu imetoka nje sentimita 4.

Kabla ya masika tulibandika vipande vyembamba vya kioo kukatiza ufa, kimoja chini, kimoja katikati, kimoja juu, kila kimoja kimeshikwa kwa plasta na kuandikwa tarehe. Ukuta ukisogea, kioo hupasuka. Mvua zilipokatika tulikuta cha chini kizima, cha katikati kizima, cha juu kimekatika vipande viwili. Kama msingi ndio uliokuwa unazama, cha chini kisingesalimika. Kilichosogea ni kichwa cha ukuta, na cha kukisukuma pale ni kimoja tu, paa la mabati.

Tulipanda tukabomoa ubao wa dari wa chumba. Kenchi tano zilizo juu yake, zile fremu za mbao zinazobeba mabati, zilikuwa zimekatwa mbao za chini, zile zinazofunga miguu miwili ya kenchi isitanuke. Zilikaa mita 2.1 kutoka sakafuni, zilikuwa zinagonga kichwa, zikakatwa ili chumba kipate kimo. Kenchi isiyo na mbao hiyo ni kama ngazi ya kukunja iliyokatwa kamba: itasimama, lakini miguu inatafuta njia ya kutanuka kila siku. Upande wa uani ukuta wa matofali uliishika kenchi kwa chini, basi nguvu yote ikahamia upande wa mtaani, kwenye vinguzo vilivyosimama juu ya ukuta uliolowa.

Hapo ndipo mpango wa awali ulipokufa. Ule ukuta wa matofali unaozivunja boriti ndio pia unaolizuia paa. Ukiubomoa bila kujua, paa linashuka. Ukiurefusha, unazitwika boriti zilizobaki mzigo uleule uliozichosha zile za kwanza, na bado paa linaendelea kuusukuma ukuta kuelekea vichwa vya wapita njia.

Kilichoamuliwa

Kanuni tuliyowapa familia ilikuwa rahisi kuieleza hata kwa simu: hakipandi kitu darini kabla hakijashuka kizito zaidi yake.

Kilichoshuka: ukuta wa matofali wa mita 4, karibu tani 3.6, saruji na marumaru kwenye sakafu nzima ya mita 21 za mraba, zaidi ya tani 2.3, na simtanki. Karibu tani 7 kwa jumla. Tanki lilihamishiwa chini uani, juu tukaacha dogo la lita 200 lililokaa mahali kuta mbili nene zinapokutana. Kilichopanda, yaani mbao za kuta, za sakafu na za paa, hakikufika tani 2, na sehemu kubwa yake haigusi boriti kabisa. Faida ambayo kijana hakuitarajia ni kwamba kutoa saruji kuliongeza kimo cha chumba, sentimita 5 na zaidi kidogo, bila kugusa paa kwa nje. Hilo lilikuwa na uzito wake kwenye kibali. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985, ndiyo inayopitia ramani. Mchoro unaoinua mgongo wa paa juu ya majirani sitaki hata kuupeleka.

Ujia wa nguo uliingizwa chumbani. Kuta mpya za darini ni fremu za mbao za mbili kwa nne zilizokaa moja kwa moja juu ya kuta za ukingo, kwa hiyo uzito unashuka ndani ya mawe mpaka chini. Kenchi zote ziliondolewa. Badala yake upo mhimili mmoja chini ya kofia ya paa, mbao mbili za 2 kwa 8 zilizofungwa pamoja kwa bolti. Katikati umebebwa na nguzo iliyosimama juu ya ule ukuta mnene unaokata nyumba ghorofa zote, mita 4 kutoka upande mmoja; miisho yake imebebwa na fremu zinazokalia kuta zetu mbili ndefu. Mbao za paa zikilala juu ya mhimili ulioshikwa hivyo, hazina tena cha kusukuma. Nguzo ya katikati ikawa sababu ya kugawa nafasi kuwa vyumba viwili. Wanafamilia walitaka ukumbi mmoja mrefu, ila kwa hilo sikuona haja ya kujadiliana.

Mafundi wengi huhofia paa la mabati kwa uzito, wakati linachotaka hasa ni kuruka na upepo. Kwa hiyo mbao za ukingoni zilifungwa kwa vyuma bapa vilivyozamishwa ndani ya ukuta wa mawe, kila mita moja, na kusukwa kwa chokaa. Kwenye boriti nne zilizooza tuliweka mpya ubavuni mwa kila moja, za mtiki kutoka bara, maana boriti nzuri ya mkoko siku hizi ni adimu na ukataji wake unadhibitiwa. Kichwa cha kila moja kiliachiwa nafasi ya hewa ndani ya tundu lake, hakikufunikwa saruji. Wakati wote huo ghorofa ya pili ilikuwa msitu wa mirunda ya kuegemezea sakafu ya juu.

Lipu ya saruji upande wa mtaani ilibanduliwa kuanzia dirishani kwenda juu, ukuta ukaachwa wazi. Hapa ndipo tulipogombana kwelikweli, kwa sababu ukuta uliolowa miaka haukauki kwa wiki mbili, na harusi ilishatangazwa. Kijana alitaka lipu ipigwe na rangi juu yake kwa ajili ya picha. Tulimkatalia. Harusi ilifanyika ukuta ukiwa uchi, wakautandikia khanga. Lipu ya chokaa ilipigwa baadaye, chokaa ikiwa imeshalowekwa shimoni vya kutosha, na hata mlizamu ulifunguliwa upya na kuwekewa gata juu yake.

Choo, dirisha na ngazi

Choo hatukukipitisha. Vitanda na kabati ni mzigo unaojulikana, lakini bafu darini maana yake ni mabomba ndani ya sakafu ya chokaa, mbali na bomba kuu la maji machafu, na uvujaji utakaoonekana kwa aliye chini baada ya boriti kuwa zimeshalowa. Kaka wa Muscat hakufurahi. Alipiga simu, ikawekwa sauti ya juu ili sote tusikie.

"Dada, mimi nina sukari, usiku siachi kuamka. Chumba bila choo nitakifanyia nini?"

"Basi hicho si chako, mdogo wangu," dada akamjibu. "Wewe ukija utalala ghorofa ya kwanza, chumba cha marehemu mama, choo kipo mlangoni. Huko juu wapande wenye magoti."

Choo kipya kikawekwa ghorofa ya pili, kikiegemea bomba lililopo, na wanandoa wanashuka ngazi moja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo akili kubwa iliyotumika katika kazi nzima, na haikutoka kwetu.

Dirisha lilimhusu jirani. Mchoro wa kwanza ulionyesha madirisha mawili makubwa upande wa uani, yakitazama moja kwa moja ua wa nyumba ya nyuma, ambako wanawake hufua na kupika bila kujitanda. Kisheria na kidini hilo ni kumdhuru jirani, na kijamii ni kununua ugomvi utakaorithiwa. Tulimwendea kabla ramani haijapigwa mhuri. Tukakubaliana luva ndefu ya mbao chini ya paa, inayoanzia mita 1.7 kutoka sakafuni: hewa inapita, jicho halipiti. Ikakutana na tundu la hewa kwenye kofia, na kwa kuwa chini ya mabati tuliweka karatasi ya alumini ya kuakisi joto, chumba kinalalika hata Januari. Ukuta wa pembeni ni wa shirika na jirani mwingine. Hatukuingiza humo hata msumari.

Ngazi ya kupanda darini ina upana wa sentimita 65 na ni kali. Hatukuweza kuipanua bila kukata boriti, kwa hiyo tukaweka mkono wa kushikia pande zote mbili, waya za umeme zote zikapitishwa upya ndani ya mabomba, na likaandikwa sharti la kutopika wala kuweka mtungi wa gesi huko juu. Uchochoro huu gari la zimamoto halifiki.

Kabla ya malipo ya mwisho warithi wote wanne walitia saini karatasi moja: nani ana haki gani juu ya vyumba vipya nyumba itakapogawiwa, kwa kuwa fedha ilitoka kwa mmoja na mali ni ya wote. Kipengele kilichochukua muda mrefu zaidi hakikuwa cha fedha. Kilikuwa cha nani atapanda kusafisha gata na mlizamu kabla ya kila masika na kila vuli. Walio Dar es Salaam walisema wako mbali, wa Muscat alisema ameshatoa chake. Limeandikwa jina la kijana, na pembeni, kwa mkono wa mama yake, "akisafiri, mkewe aite fundi, alipe mjomba."